Michungwa ya Mama na Nauli za Walimu Wajao

Michungwa aliyoipanda mama yetu nje kidogo ya mji wa Muheza haiwezi tena kuuzwa, kurithiwa wala kutolewa zawadi. Sisi watoto wake watano tumeiweka wakfu, na kinachopatikana kila msimu, baada ya kulipia palizi, dawa na jasho la anayelisimamia shamba, kinakwenda kwa vijana wa wilaya yetu wanaosomea ualimu wa shule za msingi. Tangu habari hii ijulikane tumeulizwa maswali ya kila namna: kwa nini hatukuchimba kisima kwa jina la marehemu, kwa nini hatukulijengea kaburi lake, kwa nini tumechagua ualimu wakati wahitimu wa ualimu wamejaa mitaani wakisubiri ajira, na, swali linaloulizwa kwa mshangao kuliko yote, kwa nini fedha zetu hazilipi ada. Nimeona afadhali nijibu kwa maandishi, tena kwa kirefu, kwa kuwa kila jibu linaturudisha kwa Mama mwenyewe na aina ya ualimu alioufanya.

Mama alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Wasomaji wa rika langu na walionitangulia hawahitaji maelezo, lakini vijana nitawaeleza kidogo. Mwezi Novemba mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikutana Musoma na kuamua kwamba lengo la kumpatia kila mtoto elimu ya msingi, lililokuwa limepangwa kufikiwa mwaka 1989, lifikiwe mwaka 1977. Watoto wangeweza kuandikishwa, na madarasa yangeweza kujengwa kwa matofali ya kujitolea. Walimu ndio hawakuwapo. Vyuo vya wakati ule visingeweza kuwaandaa kwa idadi wala kwa haraka iliyotakiwa, ndipo serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapanga katika shule za vijijini na kuwafundisha kazi wakiwa kazini, kwa vijitabu, kwa vipindi vya redio na kwa wakufunzi waliozunguka kuwatembelea. Makumi ya maelfu ya walimu walipatikana kwa njia hiyo. Mama alikuwa mmoja wao, msichana ambaye asubuhi alisimama mbele ya watoto aliowazidi miaka michache tu, na mchana akaketi yeye kwenye dawati kujifunza namna ya kufundisha somo la kesho yake.

Walimu hao walikejeliwa sana. Waliopitia chuo kwa miaka kamili waliwaona kuwa ni vibarua, na watani wakazichukua herufi tatu za UPE wakazifanya kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Mama aliusikia utani huo mpaka anastaafu, ingawa kufikia wakati huo alikuwa amekwisha kupanda kutoka Daraja la Tatu C hadi Daraja A kwa njia ya MUKA, yale mafunzo ya ualimu kazini yaliyotolewa wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002. Mimi nilikuwa sekondari. Jioni tuligombea taa moja, yeye na moduli zake, mimi na hesabu zangu, na mara nyingi nilikwenda kulala nikamwacha mezani. Sitaki kuupamba mpango wa UPE kwa sababu tu ulimpa mama yangu kazi. Haraka ile iliugharimu ubora, na wapo watoto walioketi miaka saba chini ya walimu ambao wenyewe walikuwa bado wanajifunza. Ninachosema ni kwamba nchi iliwaita wakiwa watoto, ikawapa chaki, kisha ikawacheka kwa kuwa hawakuwa na vyeti ambavyo yenyewe haikuwa imewapa.

Kwa kuwa cheti chake kilikuwa kidogo, Mama alipangiwa darasa la kwanza. Nyuma ya uamuzi huo ilikuwapo dhana ambayo mpaka leo haijatoka katika shule zetu, kwamba watoto wadogo anaweza kuwafundisha yeyote, na kwamba mwalimu mwenye elimu zaidi awekwe darasa la saba ambako mtihani wa taifa unaipima shule. Alipopata Daraja A mwalimu mkuu alimpandisha madarasa ya juu kama kumpa heshima. Alikaa huko kwa muda, kisha akaomba mwenyewe arudishwe chini, na wenzake wakadhani ana matatizo nyumbani.

Nimemwona akifundisha, kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wake kabla sijawa na akili ya kumtazama kama mtoto wake. Kila mwanzo wa muhula aliusiriba ubao kwa makaa ya betri za redio zilizokwisha, yaliyopondwa pamoja na majani ya viazi, na kazi hiyo hakumwachia mtu. Hesabu tulihesabu kwa vifuniko vya soda, ambavyo wenye maduka ya mjini walimwekea kwenye mfuko wa sukari. Lakini kinachonikaa zaidi ni namna alivyotufundisha kutenganisha sauti ya ng'ombe na ya ngoma, jambo linalowasumbua watoto wengi wanapoanza kusoma. Alituamuru tufinye pua. Tukisema gari, sauti ilipita bila tabu. Tukisema ngoma, ilijikokota kidogo halafu ikachomoka. Tukisema ng'ombe, iligoma kabisa, na darasa zima likaangua kicheko. Hapo ndipo alipogeuka ubaoni kuandika. Sijui alikitoa wapi kituko hicho, kwa maana katika vijitabu vyake, ambavyo nimevipitia vyote baada ya msiba, hakimo.

Alistaafu mwaka 2020 alipotimiza miaka 60, ambayo ndiyo umri wa lazima kwa mtumishi wa umma, na sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake ikaishia kwenye shamba, ambalo alikuwa amelianza kidogo kidogo tangu tukiwa wadogo. Alifariki miaka mitatu baadaye. Baba alikuwa ametangulia zamani.

Kikao cha familia baada ya arobaini hakikuwa cha kugombana, lakini hakikuwa cha makubaliano pia. Mjomba alitaka kisima, na hakukosea: maji ni sadaka ambayo hakuna mtu wa pwani atakayeihoji, na kitongoji cha karibu na shamba kina shida hiyo kweli. Kaka yetu mkubwa, ambaye ni mhandisi na anaamini kwamba jambo lisilopimika halikufanyika, alitaka tuzo ya kila mwaka kwa mwanafunzi wa wilaya atakayeongoza katika sayansi na hisabati. Dada alitaka walimu. Alisema sentensi moja tu, kwamba Mama hakuwahi kumfundisha mwanafunzi aliyeongoza kitu chochote, kwa sababu katika darasa la kwanza hakuna anayeongoza.

Sheikh aliyekuwa ametusomea khitma aliombwa ushauri, nasi tulidhani angesimama upande wa mjomba. Alitukumbusha hadithi ambayo wengi wetu tumeisikia tangu madrasa, kwamba mwanadamu akifa matendo yake hukatika isipokuwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Kisha akasema kwamba mtu anaweza kuyakusanya yote matatu katika jambo moja, watoto wa marehemu wakitoa mali yenye kuendelea kwa ajili ya elimu. Mjomba alicheka akasema amezidiwa, ila akatutaka tuahidi kwamba siku moja kisima kitachimbwa. Ahadi hiyo bado ni deni.

Hoja ya kaka ilihitaji jibu la aina nyingine. Kwa wanaofaulu sana sayansi milango imekuwa ikifunguka: Benki Kuu ina mfuko wake wa ufadhili kwa jina la Mwalimu Nyerere, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 serikali inao ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, iliwekwa hasa kwa ajili ya wanaokwenda kusomea shahada, na mikopo ya ngazi ya stashahada ilipofunguliwa mwaka 2023/24 ilielekezwa kwenye fani chache zilizopewa kipaumbele. Elimu bila ada nayo, iliyoanza mwaka 2016 mpaka kidato cha nne na kuongezwa mwaka 2022 mpaka kidato cha sita, haivuki mlango wa chuo cha ualimu. Kwa hiyo kijana mwenye daraja la tatu la kidato cha nne, anayetaka kwenda kufundisha watoto wa miaka sita kusoma, anasimama mahali ambapo mikono mingi inampita juu ya kichwa. Kaka alitaka takwimu, akaziulizia, akanyamaza, na kwake kunyamaza ndiko kukubali.

Baada ya hapo ndipo tulipokutana na kazi yenyewe, nayo ilikuwa ya sheria. Mama hakuacha wasia. Hata angeuacha, sheria ya Kiislamu isingemruhusu kuelekeza zaidi ya theluthi moja ya mali yake kwa wasiokuwa warithi. Ilibidi kwanza mirathi ipite mahakama ya mwanzo na shamba ligawanywe kama inavyotakiwa, mafungu saba: mawili mawili kwa ndugu zetu wa kiume na moja moja kwa sisi mabinti watatu. Baada ya kila mtu kuwa na fungu lake mkononi ndipo kila mmoja akalitoa kwa hiari yake mbele ya mashahidi. Nausisitiza mpangilio huu kwa sababu nimeona familia zikiuruka. Watu wanatangaza mfuko msibani, machozi yakiwa bado mbichi, juu ya mali ambayo haijagawanywa; miaka miwili baadaye mrithi mmoja anapata shida, anadai haki yake, ambayo kweli ni haki yake, na jina la marehemu linaitwa mahakamani.

Ugumu wetu ulikuwa mdogo wetu wa kiume. Yeye hakwenda mbali na nyumbani kama sisi. Ndiye aliyekuwa akimsaidia Mama shambani, na mafungu yake mawili kati ya saba yalikuwa ndiyo riziki yake. Ni rahisi sana kwa mwenye mshahara Dar es Salaam kutoa sadaka fungu la michungwa ambalo haliangalii hata mara moja kwa mwaka. Dada ndiye aliyelisema hilo waziwazi, na kikao kikawa kizito. Aliyetutoa ni sheikh yule yule, kwa kisa cha Sayyidna Umar, ambaye alipopata ardhi nzuri Khaybar alimwendea Mtume kuomba ushauri, akaambiwa kwamba akitaka aizuie ardhi yenyewe na matunda yake ayatoe sadaka. Umar akaitoa kwa sharti kwamba isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, na kwamba si vibaya kwa anayeisimamia kula katika mazao yake kwa kiasi kinachokubalika. Sharti hilo la mwisho ndilo lililookoa mpango wetu. Mdogo wetu ni msimamizi wa wakfu, anachukua sehemu yake ya mavuno kabla ya fungu la ufadhili, na sehemu hiyo imeandikwa ili asiwe mtu wa kuomba kwa ndugu zake kila msimu.

Jambo hili si geni katika pwani yetu. Misikiti mingi kutoka Tanga mpaka Lamu na visiwani imeendeshwa kwa vizazi na minazi na nyumba za wakfu, na wazee wetu waliijua njia hii kabla hatujajifunza kuandika maandiko ya miradi. Tulichoongeza sisi ni karatasi. Shamba lina hati ya haki miliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kwa hiyo halmashauri ya kijiji ilibidi ihusishwe, na tumeanza safari ya kuandikisha wadhamini RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ili siku sisi watano tutakapoondoka watoto wetu wasibaki wakibishana. Safari hiyo ni ndefu. Wakili wetu ni mtu wa subira kuliko sisi.

Sasa nije kwenye ada. Kabla hatujatoa hata shilingi, dada alimtafuta mkufunzi mstaafu aliyefundisha vyuo kadhaa vya ualimu, akamuuliza wanachuo huanguka wapi. Alitarajia jibu la ada. Mzee akamwambia kwamba ada, pamoja na uzito wake, ina watu wake. Ada inajulikana, ina tarehe na namba ya malipo, na ukoo unaweza kuiitia kikao. Mbuzi atauzwa, shangazi atachanga, aliyeko mjini ataona aibu asipotuma. Kisichokuwa na mwenyewe ni vile vidogo vidogo ambavyo haviwezi kuitiwa kikao, na vidogo hivyo hukusanyika vyote mahali pamoja, katika wiki za mazoezi ya kufundisha ambayo wanachuo wenyewe huyaita BTP.

Ambaye hajapita chuo cha ualimu hajui BTP ni nini, kwa hiyo nitaieleza kama tulivyoelezwa. Mwanachuo anapelekwa katika shule kwa wiki kadhaa, na shule hiyo yaweza kuwa mbali na bweni lake. Anatafuta chumba. Anajipikia. Kila siku anaandika andalio la somo, na kila somo linahitaji zana: bango kitita, kadi za silabi, picha, na vyote hivyo vinatokana na manila, gundi, mkasi na maka peni ambazo hukauka wino siku ya tatu. Wakufunzi wanaokuja kumpima hawapimi umaskini wake. Wanapima somo, na somo lisilo na zana ni somo pungufu. Ongeza shati au gauni la pili, kwa kuwa huwezi kusimama mbele ya watoto kila siku na nguo moja inayolowekwa usiku na kuvaliwa asubuhi ikiwa mbichi. Kwa wasichana ongeza taulo za kike. Mkufunzi yule alisema amewaona vijana wazuri wakishindwa katika mazoezi hayo si kwa kutojua kufundisha, bali kwa njaa na aibu.

Basi ufadhili wetu unatoka kwa vipande. Kipande cha kwanza ni cha kuingia chuo, kwa ajili ya ile orodha iliyo nyuma ya fomu ya kujiunga ambayo kila mzazi huisoma mara mbili akidhani ameona vibaya: godoro, ndoo, shuka, jembe, rimu za karatasi, sare, pamoja na nauli. Kipande cha pili, ambacho ndicho kikubwa, ni cha BTP. Kipande cha tatu ni kidogo na kinatoka mwishoni. Mwanzoni tulipitishia fedha kwa uongozi wa chuo, kwa kudhani ndio utaratibu wenye heshima, na katika chuo kimoja ambacho sitakitaja zikakaa mpaka mazoezi yakaisha. Siku hizi zinakwenda moja kwa moja kwenye simu ya mwanachuo, wiki mbili kabla ya BTP, na hatudai risiti ya kila maka peni. Kaka aliidai kwa muda, akaletewa picha za risiti za mihogo na dagaa, akaacha.

Machungwa na chuo vimepatana kwa bahati. Msimu mkubwa wa Muheza unaangukia katikati ya mwaka, na fomu za kujiunga huanza kutoka baada ya hapo. Lakini nisimdanganye mtu kwamba michungwa ni benki. Mwaka ambao mavuno ni mengi bei huanguka, kwa sababu kila shamba linavuna siku zile zile na malori ya Dar es Salaam na ya Kenya yanachagua yatakalo. Wapo wanunuzi wanaokuja miti ikiwa bado ina maua na kutoa fedha taslimu, na mkulima mwenye mgonjwa au mtoto wa shule huuza hapo hapo kwa bei ya kutupa. Mdogo wetu ameapa hatauza maua ya wakfu, na kiapo hicho kinawezekana kwa sababu tu sisi wanne tunachanga kila mwezi kuziba pengo. Miti mingine imezeeka na anataka kung'oa safu za bondeni apande miche mipya, ambayo itakaa miaka kadhaa bila kuzaa chochote cha maana. Kwa hiyo tunasaidia wanachuo wawili kwa mwaka. Wawili tu.

Namna ya kuwachagua wawili hao ilitupa shida kuliko fedha zenyewe. Ndugu na jamaa walijitokeza, kama ilivyotarajiwa, na tuliandika mapema kwamba mtoto wa ukoo wetu mpaka kizazi cha pili haruhusiwi kuomba, kanuni ambayo imemnunisha mama mdogo hadi leo. Dini haiulizwi, Mama alifundisha watoto wa wote, na sheikh alikuwa wa kwanza kusema kwamba elimu ya darasa la kwanza haina msikiti wala kanisa. Alama zinaangaliwa mara moja tu, kuhakikisha kwamba mwombaji anazo za kumwingiza chuo, kisha karatasi inawekwa kando. Anaandika barua kwa mkono wake. Halafu anaitwa, na badala ya kuulizwa kwa nini anaupenda ualimu, swali ambalo kila mtu ana jibu lake la kukariri, anapewa mtoto.

Mtoto huyo ni wa dada, alikuwa na miaka sita, na ni mkaidi. Mwombaji mmoja mwenye matokeo mazuri kuliko wote alimweleza namba vizuri kabisa, kwa sauti nzuri na mpangilio mzuri, na mtoto akawa anatazama kuku nje. Wasichana wawili walimbembeleza kwa pipi, akala pipi. Kisha akaingia kijana mrefu, mwembamba, mwenye barua yenye makosa ya tahajia mawili. Alimsalimia mtoto, hakujibiwa. Akamuuliza jina, hakujibiwa. Akaacha kumsemesha. Akaketi sakafuni, akatoa mbegu za mchungwa zilizokuwa kwenye sahani, na akaanza kuhesabu peke yake, kwa makini kama mtu aliye na kazi yake: moja, mbili, nne. Akakunja uso, akarudia: moja, mbili, nne. Mara ya tatu mtoto akageuka kwa hasira na kumwambia, "Tatu! Umesahau tatu!" Kijana akamshukuru, akaendelea, akakosea tena kwenye saba, na ndani ya dakika chache mtoto yule ndiye aliyekuwa akimfundisha yeye.

Dada alikuwa ameingia kikao kile akiwa na msimamo kwamba ufadhili uwe wa wasichana peke yao, na alikuwa na sababu zake ambazo naziheshimu. Alitoka nje, akarudi, akasema msichana mmoja na huyo. Ndivyo ilivyokuwa, na nafasi haijapewa jinsia tangu siku hiyo.

Limebaki swali la ajira, na hili sitalipita haraka. Zamani mhitimu wa ualimu alisubiri barua ya kupangiwa kituo, na barua ilikuja. Tangu katikati ya miaka ya 2010 utaratibu huo umekoma. Nafasi zinatangazwa chache, wanaoomba ni wengi kupita kiasi, na kuanzia mwaka 2024 walimu wameingizwa kwenye usaili unaosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira. Wakati huo huo miongozo inazungumzia mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na kila mwenye mtoto katika shule ya msingi ya serikali anajua idadi halisi ya darasa lake la kwanza. Nchi ina uhaba wa walimu na ina walimu wasio na kazi kwa pamoja. Je, ni haki kumshika kijana mkono na kumwongoza kwenye foleni hiyo kwa jina la mama yetu?

Tumelijadili sana. Kaka alipendekeza mkataba unaomfunga mfadhiliwa kufundisha miaka kadhaa, na hilo tulilikataa bila ubishi mrefu, kwa maana huwezi kumfunga mtu kwenye kazi ambayo wewe huna uwezo wa kumpa. Wengine walituambia tuhamishie fedha kwenye uuguzi au ufundi, ambako mtu anaweza angalau kujiajiri. Nilichokiona mimi ni kwamba vijana wanaotuandikia wanayajua yote haya kuliko sisi. Wana kaka na dada wenye vyeti vya ualimu wanaoendesha bodaboda. Hawaombi tuwaambie kama kazi ipo. Wameshaamua, wanaomba nauli. Kumnyima mtu mzima nauli kwa madai ya kumhurumia ni kumfanyia kiburi. Tunachoweza kufanya ni kumweleza hali bila kuipamba, na katika kikao cha kwanza na kila mwombaji msemaji wa jambo hilo ni dada yetu wa mwisho, ambaye mwenyewe ana stashahada ya ualimu na aliisubiri ajira kwa miaka kabla ya kwenda kufundisha shule binafsi. Baada ya kumsikiliza, mwombaji mmoja aliomba karatasi zake akaondoka. Tulimheshimu kwa hilo.

Wafadhiliwa wetu wa kwanza wamemaliza. Yule wa mbegu za mchungwa anajitolea katika shule ya kijijini kwao, darasa la pili, kwa posho ndogo ambayo kamati ya shule huchangisha kwa wazazi na ambayo miezi mingine haichangishwi. Kutokana naye ndipo umezuka mjadala ambao sasa uko mezani. Dada anataka kipande cha tatu kikuzwe na kiwe cha wahitimu wanaojitolea madarasa ya chini huku wakisubiri usaili. Kaka anasema kwamba hapo tutakuwa tumeacha kusaidia wanachuo na kuanza kulipa mishahara ambayo si yetu kulipa, na kwamba wanaopaswa kuajiri watazoea. Mimi nimeegemea upande wa dada, ingawa hoja ya kaka sijaipatia jibu linaloniridhisha. Kwa sasa tumekubaliana kwamba mfadhiliwa wetu anayejitolea alipiwe nauli ya kwenda kwenye usaili na gharama ya kuthibitishiwa vyeti, na mdogo wetu ametuomba hayo mengine yasubiri kikao cha baada ya mavuno, atakapokuwa ameshajua safu za bondeni zimetoa nini.